Mtoto Akililia Pipi kwa Mangi, Nani Anamfundisha Nani?

Saa kumi na moja jioni, dukani kwa Mangi, Moshi. Mtoto wa miaka mitatu kaona pipi ya kijiti kwenye kopo. Mama kakataa. Mtoto analia, mama anakataa tena. Mtoto anajitupa chini, watu wanageuka, mama anatoa shilingi mia. Kimya.

Hapo wamefundishwa wawili. Mtoto kajua kwamba kulia hakulipi ila kujigaragaza kunalipa. Mama naye kajua kwamba mia inanunua kimya, na kesho ataitoa mapema zaidi. Hilo la mama linaitwa uimarishaji hasi: tabia inapata nguvu kwa sababu imeondoa kero. Wengi hudhani ni jina jingine la adhabu. Sivyo. Adhabu hupunguza tabia. Uimarishaji huiongeza, uwe chanya (kwa kupata kitu, kama mtoto na pipi) au hasi.

Fikra hizi zina zaidi ya miaka mia. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakidondosha mate kabla hata chakula hakijawafikia. Kule Marekani, mwaka 1898, Edward Thorndike alieleza jinsi paka waliofungiwa kwenye masanduku walivyogusa komeo kwa kubahatisha, wakatoka, wakala. Kila waliporudishwa, muda wa kutoka ulizidi kupungua. Mwaka 1913 mwanasaikolojia John Watson akataka saikolojia iachane na kuchungulia mawazo, ishike kinachoonekana.

Lakini kwa mzazi, mwenye faida kubwa zaidi ni mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner, aliyewapa panya chakula kila walipobonyeza wenzo. Jumamosi moja aliona vidonge vya chakula cha panya, alivyokuwa akivitengeneza mwenyewe, vinaelekea kwisha. Akaamua kutoa kimoja kwa dakika badala ya kila panya anapobonyeza. Panya hawakuacha kubonyeza. Kumbe tabia inayolipwa mara mojamoja ndiyo ngumu kufa, na ndiyo maana kijana aliyeliwa mikeka tisa bado anabeti wa kumi. Mama anayekaza Jumatatu hadi Alhamisi kisha akalegea Ijumaa anaijenga tabia ileile anayoipiga vita.

Sasa kazi yenyewe. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu, andika tu kwenye daftari: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Usiandike "mkorofi"; andika "alijitupa chini, dakika 4". Mara nyingi jibu linakaa kwenye safu ya mwisho. Lakini ukiona vilio vyote ni vya saa kumi na moja na mtoto hajala tangu mchana, hiyo ni njaa, mpe chai na mkate kabla ya kutoka.

Kisha mpe kazi isiyoendana na kujigaragaza, kwa mfano kubeba mfuko wa nyanya. Msifu palepale, ndani ya sekunde moja au mbili, na utaje alichofanya: "Umeshika mfuko vizuri mpaka kwa Mangi!" Sifa inayokuja baada ya kufika nyumbani inaimarisha kufika nyumbani. Siku za mwanzo msifu kila mara. Tabia ikishika, punguza taratibu.

Akilia, usitoe pipi wala hotuba, maana hata kugombezwa ni kuangaliwa. Akijigonga kichwa au akisogelea barabara, mnyanyue bila maneno. Na jiandae: kilio kitapanda kabla hakijashuka. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa na kulipa, na sasa mtoto kajua bei mpya ni dakika ishirini. Kama leo huna nguvu ya kufika mwisho, nenda dukani peke yako.

Mkubaliane nyumba nzima, dada wa kazi akiwemo. Bibi akishuka kutoka Marangu na pipi zimefungwa kwenye pindo la kanga, mwombe azitoe mtoto akiwa ametulia, si akiwa analia.