Vijana, faharasa ya jana haisakinishi kifurushi cha leo

Wiki hii tena nimemkuta kijana wetu mgeni amekodolea macho 404 (kosa la "faili halipo") tangu asubuhi, akijaribu kusakinisha programu. Amelaumu mtandao, amelaumu seva za Debian (aina ya mfumo wa Linux), amebadilisha hadi anwani kwenye sources.list, faili la anwani za seva hizo. Mtandao ulikuwa mzima, faharasa yake, yaani orodha ya vifurushi vya programu vilivyopo kwenye seva na matoleo yake, ndiyo ilikuwa kuukuu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tulimalize leo.

1. apt ndiyo programu ya kusakinisha vifurushi kwenye Debian. apt update haipandishi toleo la programu yoyote. Inaleta faharasa na kuiweka /var/lib/apt/lists, basi. Kupandisha ni kazi ya apt upgrade.

2. Leta faharasa mpya kila unapotaka kusakinisha, papo hapo. Kijana huyu alikuwa anajenga imeji ya Docker, yaani furushi la programu pamoja na mfumo wake. Kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya ujenzi, apt-get update ilikuwa na RUN (mstari wa amri) yake na apt-get install ina yake. Mara ya kwanza ikajengeka vizuri. Baada ya muda akaongeza curl kwenye mstari wa install. Docker ikaangalia mstari wa update, ikaona haujaguswa hata herufi, ikachukua tabaka la zamani (matokeo ya mstari huo) kutoka kwenye kashe, akiba yake ya ujenzi uliopita. Faharasa iliyomo ilitaja toleo ambalo hazina ya usalama (seva ya vifurushi vya marekebisho ya usalama) ilishaliondoa na kuweka jipya lililozibwa tundu la usalama. apt ikaomba faili lisilokuwepo.

Na hapo ana bahati! Faili la zamani lingekuwa bado lipo, imeji ingejengeka kimyakimya na tundu lake ndani, ikafika hadi kwa wateja. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko 404 zote. Update na install ziwe kwenye RUN moja, ziunganishwe kwa &&, kisha futa yaliyomo /var/lib/apt/lists hapo hapo.

3. Seva inayojiendea, mara moja kwa siku inatosha. Hazina kuu ya Debian hupokea vifurushi vipya mara 4 kwa siku, lakini toleo imara hurekebishwa takriban kila miezi 2. Ya usalama ndiyo huja saa yoyote. apt-daily.timer, kipima saa cha Debian kinacholeta faharasa chenyewe, imepangiwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ikiwa na ucheleweshaji wa kubahatisha usiozidi masaa 12, ili mashine za dunia nzima zisivamie seva kwa pamoja. Mwingine hapa ofisini, aliposoma habari za udhaifu mkubwa, aliweka cron (kazi inayojirudia kwa ratiba) ya update kila dakika 5. Hofu yake ilikuwa ya haki na nilimpongeza kwa kujali. Ila faharasa mpya peke yake haizibi tundu. Wenzake wakawa wanakuta apt imefungwa na cron yake, na vifurushi vyenyewe havijapanda hata kimoja. Washa unattended-upgrades, inayopandisha marekebisho ya usalama yenyewe, kijana, ulale.

4. Msiruke update kwa kuogopa bando. apt huanza na faili dogo la InRelease, linaloonyesha kama faharasa imebadilika. Likiwa halijabadilika, faharasa haipakuliwi upya. Mashine zikiwa nyingi, wekeni apt-cacher-ng moja ya ofisi, inayotunza vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa ili wote wavitumie.

5. Wa Arch (Linux nyingine), kwenu ni tofauti. Kuleta faharasa tu kwa pacman -Sy (pacman ndiyo apt yenu) kisha kusakinisha kifurushi kimoja kunaweza kukiletea maktaba zisizolingana na mfumo uliobaki nyuma, na Arch haiungi mkono upandishaji wa nusunusu. Tumieni pacman -Syu, mfumo wote upande pamoja.