Babu hakuletwa Tanga, alikuja

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa pembeni anacheka. Unasema mjomba wa mchumba wako kakuuliza kwenu Tabora ni wapi hasa, ukakosa la kumjibu, na sasa unataka kujua kama twende tukawatafute ndugu wa babu kabla ya harusi. Hilo la kwenda nitalifikia. Kwanza nataka ujue babu alivyofika huku, maana nasikia kaka zako wanasimulia ovyo, eti "sisi tuliletwa na Wajerumani kukata mkonge".

Babu hakuletwa. Alikuja.

Namsema babu yangu mimi, baba yake babu yako wa Ngomeni. Kijana wa Kinyamwezi wa zama zile hakuhesabiwa mtu mzima mpaka awe amefika pwani na kurudi. Misafara ilishuka Bagamoyo kila kiangazi, maelfu ya wapagazi, pembe za ndovu begani na kirangozi, kiongozi wa msafara, mbele, miezi miwili mitatu kwa miguu. Njia ile waliijua kabla Mjerumani hajajua Tabora iko upande gani. Babu hata treni hakupanda. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na yeye keshazoea samaki wa Tanga. Sasa mtu wa namna hiyo, ambaye pwani kwake ilikuwa kama jando, utasemaje kwamba aliletwa?

Lakini na mimi si mtoto. Najua yaliyotokea Unyamwezi kabla hajaondoka. Mwaka 1893 Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike pale Tabora, naye akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia 3, na rupia haioti shambani. Kisha Waingereza wakafikisha reli yao Ziwa Viktoria mwaka 1901, mizigo ya ziwani ikaanza kutokea Mombasa, na pembe zenyewe zilikuwa zimeshapungua. Ukawa na taifa zima la watu wanaojua kutembea na kubeba, na mzigo hakuna. Mtu akiondoka kwao kwa sababu nyumba yake inadaiwa, amekuja au ameletwa? Nimebishana na nafsi yangu juu ya hilo tangu nikiwa mwalimu kijana, na kila nikifika hapo nageuka.

Nageuka kwa sababu ya yaliyokuwa yakitokea huku. Wenye mashamba wa Usambara na Pangani walikuwa wanalia kukosa watu. Wasambaa na Wabondei walikuwa na mashamba yao, wakaona hawana sababu ya kulima ya Mzungu. Zamani zile za mwanzo Wajerumani waliwahi kuleta hata Wachina na Wajava kutoka Singapore, na haikuwafaa. Mwishowe, mwaka 1907, wakaweka kadi huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo: kila mwanamume Msambaa afanye kazi siku 30 kwa Mzungu ndani ya miezi minne, akikataa apelekwe kazi za serikali. Yule ndiye aliyeburutwa, na alikuwa nyumbani kwake. Babu yangu mgeni alikuwa anachagua shamba. Akisikia mnyapara wa mahali fulani ana mkono mwepesi wa kiboko, anapita anakwenda la mbele, na Wanyamwezi walijua wanatafutwa. Ndiyo maana nasema alikuja. (Mkonge wenyewe ndio ulioletwa: Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida, miche 62 tu ikafika hai. Umwambie kaka yako.)

Alipofika alikuta makambi yaliyokusanya watu ambao wasingekutana popote. Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na askari walioacha jeshi, maana Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliwachukua Wasudani kule Misri na Wazulu kule Msumbiji mwaka 1889 kuja kupigana na Abushiri aliyewapinga Wajerumani pwani, na si wote waliorudi kwao. Reli ya Tanga ilikuwa inapanda, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na kila stesheni ilijizalia mji wenye msikiti, duka la Mhindi na wapika pombe. Wakasemeshana kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho walichokutana nacho njiani. Babu akasilimu, akapewa jina. Jina la kwao akaliweka mahali tusipoliona. Baba yangu alikuwa akiimba Kinyamwezi anaponoa kisu cha mkonge, na nusu ya maneno hakuyajua maana yake.

Na kulikuwa na beni, ngoma ya mashindano. Hili nalipenda kuliko yote na najua nimekuchosha nalo. Tanga ilikuwa na vyama viwili, Marini na Arinoti. Marini ilikuwa ya waliojiona wenye mji, makarani na waliosoma shule ya serikali. Arinoti ya watu wa bara, wapagazi na vibarua. Walivaa sare, wakajipa vyeo vya kijeshi vya Kizungu, wakapiga kwata barabarani nyuma ya ngoma kubwa, wakashindana kwa karamu mpaka wengine wakaingia madeni. Mzungu alidhani anaigwa. Kumbe mle ndani mlikuwa na serikali yao: ukiugua wanakuja, ukifa mbali na kwenu wanakununulia sanda na kukuzika. Vita vilipokuja mwaka 1914 askari na wapagazi wakaibeba beni mpaka Nyasa. Babu alikuwa Arinoti. Babu yako wa Pangani, baba yake alikuwa Marini, na ndipo ninapofika mahali ambapo mama yako ameniambia nisifike.

Hadithi ya kofia na mbuzi unaijua, imesimuliwa kila Idi. Kilichotangulia kofia hukijui.

Mwaka 1984 nilipeleka posa Pangani. Mimi mwenyewe kwa desturi sikutakiwa kuwamo, nikawa nimekaa kwa muuza kahawa ng'ambo ya njia. Ila dirisha lilikuwa wazi, na babu yako hakuwa mtu wa kunong'ona. Baba alikuwa ndani na mshenga, amevaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe tangu alfajiri. Miaka yote ile alikuwa fundi wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, mikono yake mashine iliijua, hakuwa mtu wa kudharauliwa kambini wala mjini. Nikasikia: "Mshenga, kawaambie wenzako sisi hatuna binti wa kumpeleka laini. Manamba waoane wenyewe kwa wenyewe."

Laini ni zile nyumba za kambi ya mkonge, na manamba ni kibarua wa shamba aliyeletwa kwa namba. Mwanangu, kahawa ile naionja mpaka leo. Baba hakujibu. Nilimsikia anakohoa, kisha kiti kikasogea, nikajua anasimama kuondoka.

Hapo ndipo bibi yako alipotoka jikoni. Mzaramo wa Bagamoyo yule, mikono imejaa unga, akampokonya baba kofia kichwani mbele ya mumewe. "Mnyamwezi huyu, mtani wangu! Mmebeba mizigo ya watu mpaka mmesahau ya kwenu! Kofia haitoki humu mpaka niletewe mbuzi." Babu yako angefanya nini? Utani haukatazwi. Misafara ya Wanyamwezi ilipita Uzaramo miaka na miaka, waliokufa njiani walizikwa na Wazaramo, kwa hiyo Mzaramo ana haki ya kumtukana Mnyamwezi hata msibani, na Mnyamwezi akikasirika yeye ndiye mwenye makosa. Baba akacheka ilhali macho yana machozi. Aliondoka kichwa wazi. Na ikabidi turudi na mbuzi, na aliyerudi na mbuzi hawezi kufukuzwa mlangoni.

Babu yako alinitendea mema baadaye, sikatai. Ile baiskeli yangu ya kwanza ni yeye. Alipougua mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha, na kila siku nilitaka kumuuliza kama anajua nilikuwa kwa muuza kahawa. Sikumuuliza. Bibi mzaa baba yake alitoka Nyasa enzi za mashamba ya miwa ya Pangani, na hakuna aliyewahi kumuuliza yule bibi kama anataka kuja. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, babu yako akiwa mtoto. Nyumba ile haikutamka habari hiyo hata siku moja. Mimi niliipata kwa bibi yako, naye alinitajia mara moja tu. Basi ukisikia mtu wa nyumba hiyo anamwita mwenzake manamba... Ningekuwa na neno la kusema hapa, na ninalo, limefika ulimini. Lakini wewe ni mjukuu wake na ulimpenda, na mama yako anasoma kila karatasi ninayoandika. Niliache.

Mama yako anasema pia kwamba mimi nashikilia "alikuja, alikuja" kwa sababu ya siku ile tu. Kwamba kama pasingekuwa na dirisha wazi ningekubali kirahisi kwamba kodi ndiyo iliyomsukuma babu, kama ilivyowasukuma wengine. Labda. Kodi ilikuwapo, sibishi. Lakini miguu ilikuwa yake.

Sasa Tabora. Ugumu wake ni huu: jina la ukoo tunalotumia lilipatikana kwenye msikiti wa Muheza, kwa hiyo ukifika Tabora ukaulizia jina hilo watakuonyesha watu wengi na hakuna aliye wetu. La kwao analijua shangazi yako wa Korogwe, au anadai analijua. Yeye anasema babu alitoka upande wa Urambo. Mimi nilimsikia baba akisema Sikonge, na hapo si karibu na hapo. Shangazi ana kile kipande cha kazi cha babu, kadi yake ya kibarua, cha enzi za Waingereza kwenye sanduku la bati, na hataki kukitoa kwa mtu kwa sababu nilishawahi kukiazima nikakaa nacho. Mpigie wewe, anakupenda. Mwambie akusomee kilichoandikwa pale chini, penye jina la mtemi wake, maandishi yamefifia lakini kwa tochi yanasomeka.

Ukipata, nijulishe mimi kabla ya kumjibu mjomba wa mchumba wako. Nauli ya watu watatu ninayo. Ya wanne, ikiwa kaka yako naye atataka kuja, itabidi achange.

Baba yako