Jibu: Mgandamizo mkubwa wa hewa, mbona ukungu hauondoki?
Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: barometa (kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa) inasoma hektopaskali 1035, utabiri unasema mgandamizo mkubwa wa hewa, ulitegemea jua, lakini kila siku ni ukungu na baridi.

Kwanza hakikisha barometa imerekebishwa kwa usawa wa bahari; ukipanda mita 8 hivi, inashuka hektopaskali 1. Ikiwa sawa, tazama moshi unaotoka kwenye bomba la nyumba. Mimi huanza na huo kila mara. Ukipanda kidogo kisha ukatanda kama umegonga dari, jibu umelipata: kwenye mgandamizo mkubwa hewa ya juu inashuka polepole, inabanwa, inapata joto na kukauka, huku usiku mrefu wa majira ya baridi ukipoza ardhi. Hewa ya joto inaifunika ile baridi, unyevu unanaswa chini, na jua la msimu huo halina nguvu ya kuukausha.

Majira ya joto, mfumo huohuo huleta anga safi na joto kali. Kwa hiyo namba kubwa si ahadi ya joto: Agata, Siberia, ilipita 1083 tarehe 31 Desemba 1968, katikati ya baridi kali.

Fuatilia upepo. Ukianza kuvuma vizuri, ukungu utakatika, hata kama barometa bado iko juu.