Ukifundisha kuzuia damu kazini, anza na mikono

Katika mafunzo ya huduma ya kwanza, kuanzia karakana za jua kali za Kibuye hapa Kisumu hadi mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, kitu kimoja hunisumbua kila mara: watu hugusa kidonda, hawakikandamizi. Wanaweka kitambaa juu kwa adabu, kisha baada ya muda mfupi wanakiinua kuchungulia kama damu imekoma. Bado haijakoma, na donge dogo lililoanza kuganda limeondoka na kitambaa.

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa na gurainda au panga, anaweza kufa ndani ya dakika chache. Gari la wagonjwa haliwezi kufika kwa muda huo, hata kama liko hapo tu barabarani. Anayemwokoa ni mwenzake wa kazi. Ndiyo maana siku hizi mchana mzima wa picha za ukutani siufanyi tena. Nawapa watu kitu cha kukandamiza.

Nenda kwa mwenye bucha, nunua pande nene la nyama ya paja lisilo na mfupa. Lichome tundu refu, upitishe mpira mwembamba kwa upande wa chini hadi ndani ya tundu, na mwenzako ainue chupa ya maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Maji yakianza kumwagika mezani, darasa lote hunyamaza. Sasa mwambie mmoja ayasimamishe. Atatumia vidole, yatapita. Atatumia kiganja kimoja, yatapita. Mweleze anyooshe viwiko, aweke viganja viwili pamoja, alalie kwa uzito wa mwili wake. Hapo maji yanasimama, na ile nguvu hataisahau.

Kisha mfundishe kujaza kidonda. Shashi au kitambaa safi kinasukumwa ndani kwa kidole hadi kifike pale damu inapotokea, hatua kwa hatua, mpaka tundu lijae, ndipo anakandamiza juu. Hii ni ya mikono, miguu, kinena, kwapa na shingo. Kifuani na tumboni hatujazi. Na kama kuna chuma au kipande cha mbao kimekwama, hakivutwi. Unakandamiza pembeni yake.

Weka saa mbele yao na uwaache wakandamize dakika 10 bila kuinua. Watalalamika mikono inauma. Vizuri, kwa sababu wakati huo ndipo utakapowafundisha kupokezana: wa pili aweke mikono kabla wa kwanza hajaondoa yake.

Kuhusu ukanda wa kubana mguu au mkono, wengi wetu tulifundishwa kuuogopa, kwamba mguu utakatwa. Vita vya Iraki na Afghanistani vilibadili mafundisho hayo, kwa kuwa askari wengi walipona kwa kufungwa mapema. Madaktari wa upasuaji wenyewe hufunga mguu hata kwa muda wa saa 2. Kwa hiyo damu ya mkono au mguu ikizidi nguvu za viganja, funga. Ukanda uwe mpana, ukae sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda kuelekea mwilini, usikae kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe, na ukazwe hadi damu ikome. Waya na kamba ya katani hukata nyama, usitumie. Waambie wanafunzi wazi kwamba mgonjwa atapiga kelele kwa maumivu na kuwasihi walegeze. Wasilegeze. Waandike saa ya kufunga, na hospitali itaendelea kutoka hapo.

Mzee mmoja mkata miwa aliwahi kuniambia, "Mwalimu, sisi tukijikata huweka sukari." Wengine hutaja majani chai au mafuta ya taa. Usimcheke mtu wa namna hiyo mbele ya vijana; ana miaka mingi shambani kuliko wewe. Nilimpa sukari aimwage mwenyewe kwenye ile nyama, maji yakiwa yanatoka. Iliondoka yote. Akanitazama, akasogea, akaweka viganja viwili.

Kabla hujaanza somo, omba kuliona sanduku la huduma ya kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aliweke mahali linapofikika, lakini mara nyingi limefungwa na ufunguo uko kwa karani. Lizungumzie siku hiyo hiyo mbele ya msimamizi, kwa heshima, bila kuzunguka. Angalia pia kama lina shashi ya kutosha na glavu, au ni plasta na spiriti tu. Mtu mmoja apewe kazi ya kupiga 999 au 112, ili anayekandamiza asiache kwenda kutafuta simu.

Mwisho, uliza ni nani katika zamu ya usiku anayejua kufanya haya. Mara nyingi waliochaguliwa kuja darasani wote ni wa ofisini na wa mchana. Ikiwa ndivyo, panga siku nyingine, na ianze saa ile zamu ya usiku inapoingia.