Bainari kwenda namba za kawaida: anza kushoto, zidisha mara mbili

Mdogo wangu, umeuliza namna ya kubadili 10110110, namba ya bainari (inayoandikwa kwa 0 na 1 tu), kuwa namba ya kawaida bila kalkuleta, ukasema jedwali la 128, 64, 32 linakuchanganya na mtihani wa stashahada umekaribia. Mimi nafunga mitandao ya kompyuta maofisini hapa Dodoma, siku nyingi nipo Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo wengi hukwama papo hapo.

Jedwali lenyewe ni sahihi. Tarakimu ya mwisho kulia ina thamani ya 1, ya kushoto kwake 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, 128. Unajumlisha thamani za nafasi zenye 1 tu: 128 + 32 + 16 + 4 + 2 = 182. Tabu ni kwamba lazima uhesabu nafasi kwanza, na ukiruka moja tu, jibu zima limeharibika.

Ndiyo maana nawaambia vijana waanze kushoto. Shika tarakimu ya kwanza. Kila ukihamia inayofuata, zidisha ulichonacho mara mbili, halafu jumlisha hiyo tarakimu mpya. Twende na namba yako: 1. Inafuata 0, tunapata 2. Inafuata 1: mbili mara mbili nne, na moja, 5. Tena 1, 11. Kisha 0, 22. Kisha 1, 45. Kisha 1, 91. Ya mwisho 0, 182. Hukuhitaji kujua namba ina tarakimu ngapi.

Usiikariri kama uganga, ielewe. Mtu akikutajia 4, kisha 7, kisha 2, kichwani unapata 4, halafu 47, halafu 472. Kila tarakimu inapoongezwa kulia, zilizotangulia zinasogea nafasi moja kushoto na thamani yake inazidishwa kwa kumi. Kwenye bainari kusogea huko ni kuzidisha kwa mbili. Hakuna kingine.

Kuhakiki haraka: ikiishia na 0 jibu ni shufwa, ikiishia na 1 ni witiri. Na tarakimu nane haziwezi kuzidi 255.

Kazini hii naitumia sana kwenye anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Ukikutana na subnet mask (namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao na ipi ni ya vifaa) ya 255.255.255.224, hiyo 224 ni 11100000: 1, 3, 7, 14, 28, 56, 112, 224. Sufuri tano za mwisho zinakupa anwani 32, na ukitoa ya mtandao wenyewe na ile ya kutangazia wote, zinabaki 30 za vifaa.

Sasa angalia swali la mtihani vizuri. Wakisema namba ina alama (yaani inaweza kuwa chanya au hasi), kwa mfumo wa kijalizo cha mbili (two's complement, njia ya kompyuta ya kuandika namba hasi), na tarakimu ya kwanza ni 1, anza na -1 badala ya 1, mengine yote yabaki vilevile. Namba yako hiyohiyo inakwenda -1, -2, -3, -5, -10, -19, -37, -74. Hakiki kwa kutoa 256, thamani ya nafasi ambayo ingefuata baada ya 128: 182 - 256 = -74. Hapa ndipo wengi hupoteza maksi, kwa sababu wanasoma namba kabla ya kusoma swali.

Jaribu 01100011 na 11010101, ya pili uifanye kwa njia zote mbili, bila alama na yenye alama. Weka hapa hatua zako zote, siyo jibu tu, nitazipitia jioni nikitoka kazini.