Re: Miti imechunwa gome, nijibanze hapo hapo?
Mkuu hiyo miti minne iliyochunwa gome uliyoikuta ukienda kuwinda huko Ohio, Marekani, sio mtu na panga, ni dume la kulungu mkia mweupe kasugua pembe na paji la uso, pale usoni ana tezi za harufu kwahiyo ni kama kasaini mlangoni. Ila ulivyouliza ujibanze hapo hapo kumvizia, mi ningesema subiri kwanza. Angalia upande uliochunwa, mara nyingi anasugua upande anaotokea, so kama yote imeelekea kwenye shamba la mahindi basi hapo anapita akitoka kula anaenda kulala, yani asubuhi. Gusa pia, ukikuta utomvu unanata na maganda mabichi yapo chini ni juzi tu, mbao ikishakuwa ya kijivu hiyo ni ya mwaka jana achana nayo. Mti mnene kama paja kwa kawaida ni dume kubwa, kamti kama fimbo yeyote anaweza.

Na ukikuta mahali chini ya tawi dume kaparua udongo na kukojolea, usipaamini sana, mi nilipalinda msimu mzima kumbe kamera inamuonyesha anakuja saa nane usiku, nilichoka. Tafuta njia ya majike, nyayo na mavi mengi, maana ikifika Novemba, msimu wa kupandana, dume akili yote iko kwa majike. Na upepo ukitoka kwako kwenda kwao watakunusa, shuka mtini ukanywe chai tu.