Ulimi kwenye tarumbeta: kabla ya kutafuta kasi, tengeneza K yako

Vijana wa matarumbeta wakinifuata kuniuliza kuhusu ulimi, mara zote swali ni la kasi. Wimbo wa kuingiza maharusi umepandishwa, mpiga ngoma amechangamka, wao wameachwa nyuma. Wanataka ulimi ukimbie. Huwa nawaambia waweke kasi kando na wanipigie noti moja, sol iliyo kwenye mstari wa pili wa noti, wakitumia K peke yake. Ku, ku, ku, ku. Hapo ndipo shida inapojionesha: noti inatoka na upepo mwingi, au inachelewa, au haitoki kabisa.

Kwa asiyeizoea mbinu hii, iko hivi. Noti za kawaida tunazitenganisha kwa ncha ya ulimi, tunatamka "tu". Ncha hiyo ina kikomo. Ukipiga noti nne kwa kila pigo na metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa 120 kwa dakika, hizo ni noti nane kwa sekunde, na maeneo hayo ndiyo wengi huanza kukakamaa koo. Kwa hiyo tunaiingiza sehemu ya nyuma ya ulimi isaidie kwa "ku". Tu-ku-tu-ku: ncha inafanya nusu ya kazi, nyuma inafanya nusu iliyobaki. Msikilizaji hatakiwi kujua ipi ni ipi.

Lakini T yenyewe kwanza. Ncha inagusa wapi? Wengi tunaanzia nyuma ya meno ya juu, pale ufizi unapokutana na jino. Ukishuka noti za chini, ncha nayo hushuka kidogo, na hiyo si kosa. Ninachokataa kwa wanaoanza ni kupitisha ulimi katikati ya midomo, maana kila noti inaanza na mlipuko na midomo inavurugika. Jean-Baptiste Arban, Mfaransa aliyefundisha koneti (ndugu mdogo wa tarumbeta) kwenye Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, na kutoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1864, alilisema hili vizuri: tunasema "kupiga ulimi" kwa mazoea tu, kwa kweli ulimi haupigi kitu, unarudi nyuma na kuachia hewa. Ukilielewa hilo, nusu ya kukakamaa huko inaondoka. Hewa ni kama maji ya bomba lililofunguliwa, na ulimi ni kidole kinachopita katikati yake. Kidole hakisukumi maji.

Na msigombane sana juu ya mahali pa ncha. Herbert L. Clarke, Mmarekani aliyekuwa mpiga koneti wa solo katika bendi ya John Philip Sousa, bendi maarufu ya Marekani, aliandika kwamba yeye aliiegemeza ncha kwenye meno ya chini na kutumia sehemu ya katikati ya ulimi kukata noti. Huyo alikuwa miongoni mwa wapigaji mahiri wa zama zake. Vinywa havifanani, mwenye ulimi mrefu na mwenye ulimi mfupi hawawezi kulazimishwa njia moja. Siku hizi hata tunaweza kuona ndani: Sarah Willis, mpiga horni wa Berliner Philharmoniker, okestra ya Berlin, alipiga akiwa ndani ya mashine ya MRI, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili, na kwenye video unauona ulimi ukipanda na kushuka kadiri noti zinavyopanda na kushuka. Hauna kituo kimoja cha kudumu.

Turudi kwenye K. Tamka "kuku", halafu tamka "kiki", taratibu, ukisikiliza ulimi unagusa wapi. Kwenye "kuku" unagusa nyuma kabisa, karibu na koo. Kwenye "kiki" umesogea mbele, chini ya kaakaa gumu, yaani paa la kinywa kwa mbele. K ya tarumbeta iwe hiyo ya mbele. Ikibaki kooni ina safari ndefu, kwa hiyo itachelewa na itafunga njia ya hewa. Ndiyo maana kwenye noti za juu wengi hupiga "ti-ki", katikati "tu-ku", na chini kabisa "ta-ka".

Zoezi ninalolipenda halihitaji hata tarumbeta. Shika karatasi nyepesi kwa juu, iache ining'inie mbele ya midomo, upulize mpaka iinuke. Sasa ingiza tu-ku-tu-ku bila kusitisha pumzi. Karatasi itatetemeka, sawa, lakini isianguke. Ikianguka kwenye kila K, umeshajua unakata hewa. Wengi wakifanya hivi huwa wanacheka, kisha wanakasirika, kwa sababu mbele ya karatasi huna pa kujitetea.

Ukishika chombo, fanya mambo kwa mpangilio huu: kipande chote kwanza bila ulimi, kimeungwa kama noti moja ndefu. Kisha K tupu. Kisha anza na K: ku-tu-ku-tu. Mwisho ndiyo tu-ku ya kawaida. Tumia simu kujirekodi, maana ukiwa nyuma ya tarumbeta sikio linadanganya sana.

Halafu kuna bonde ambalo watu hawalisemi. Kuna kasi ambayo ulimi mmoja, yaani "tu" peke yake, umeshachoka nayo, na tu-ku bado haijatulia kwa sababu umeizoeza kwenye kasi kubwa tu. Wimbo ukianguka hapo, umekwama. Dawa yake inachosha: piga tu-ku polepole mno, metronomu 60 au 70, hadi isikike sawa na "tu" ya kawaida, na huku unaendelea kuupandisha ulimi mmoja kidogo kidogo. Unataka njia hizo mbili zipishane, uwe na kasi ambayo unaweza kuchagua yoyote. Dakika chache kila siku zinatosha. Ulimi ukianza kukaza, weka chombo chini.

Kwa noti tatu tatu, Arban alifundisha tu-tu-ku, wengine hupiga tu-ku-tu. Mimi naegemea ya tatu: tu-ku-tu, ku-tu-ku, yaani mwendo ule ule wa mbili mbili, ila mkazo unahama. Faida yake ni kwamba ulimi haujifunzi kitu kipya. Sharti lake ni moja, pigo la pili linaangukia kwenye K, na K dhaifu itaaibika mbele ya kadamnasi. Kama yako bado haijakomaa, baki na ya Arban.

Vidole navyo vichunguzeni. Mara nyingi kijana analaumu ulimi wakati pistoni ya tatu, kile kitufe cha tatu cha tarumbeta, ndiyo inayochelewa kushuka, na mkijirekodi mkipiga polepole mnaisikia wazi. Na mkiwa mnapiga juu ya pikapu kwenye msafara, barabara ya vumbi na matuta, msijaribu tu-ku hata kidogo. Tuta moja linatosha kukugonga mdomo kwa chuma. Rahisisheni sehemu hiyo, pigeni noti ndefu, hizo mbio zisubiri mfike ukumbini.